Gurudumu la mbele likisaga: fungua gololi mwenyewe, habu mpya isubiri

Inua baiskeli kwa mbele, zungusha gurudumu, halafu weka kiganja juu ya usukani. Ukihisi mtetemo wa kusagasaga, gololi zinalia. Sasa lisimamishe, shika uma wa mbele kwa mkono mmoja na rimu kwa mkono mwingine, utikise rimu kulia na kushoto. Ikicheza, koni, zile nati za mviringo kwenye ekseli zinazobana gololi, zimelegea. Ukikuta kucheza peke yake bila kusaga, ruka mpaka hatua ya tano. Ukikuta kusaga, kaa chini ufungue.

Nasema hivi kwa sababu uani kwetu huku Igoma, Jumapili jioni, kila anayekuja na baiskeli inayolia ameshaambiwa anunue habu nzima, yaani kitovu cha gurudumu. Mara nyingi kinachohitajika ni grisi na gololi mpya. Baiskeli za Mwanza zinateswa: mchanga wa mwaloni, magunia ya dagaa kwenye keria, miteremko ya mawe, kisha mtu anaiingiza ziwani hadi katikati ya magurudumu ili aioshe. Maji yanapenya kwenye ekseli, na mwoshaji mwenyewe anajitafutia kichocho. Ndoo ya maji na kitambaa vinatosha, tena nyumbani.

Andaa spana zinazolingana na nati zako, spana nyembamba ya koni, bisibisi bapa, mafuta ya taa kidogo, vitambaa, grisi nzito ile ya magurudumu ya gari, na chombo kipana cha kukinga gololi. Kifuniko cha ndoo kinafaa sana. Sinia ya chapati usiiguse, ugomvi wake utadumu kuliko kazi yenyewe.

Hatua ya kwanza: toa gurudumu. Pindua baiskeli, ikalie usukani na siti juu ya gunia. Kama ina breki za fito, zile za baiskeli kubwa za inchi 28, sogeza kwanza raba za breki zisikwame kwenye rimu. Legeza nati za pande zote mbili. Kila kinachotoka, nati, washa, mkono wa kikapu, kipange kwenye kitambaa kwa mstari kama kilivyotoka. Watoto wakae mbali na mstari huo.

Hatua ya pili: fungua koni ya upande mmoja tu. Ya pili iache ilivyo kwenye ekseli, itakusaidia kurudisha ekseli katikati bila kupima. Lishike gurudumu juu ya kifuniko, vuta ekseli polepole, gololi zitaanguka. Hesabu za kila upande peke yake kabla ya kuzichanganya na porojo. Mbele mara nyingi ni kumi kila upande, za inchi 3/16. Nyuma ni tisa kila upande, za inchi 1/4. Hata hivyo, amini ulichohesabu kwenye baiskeli yako, na dukani nenda na moja mkononi.

Hatua ya tatu: osha kwa mafuta ya taa, kausha, kisha kagua kwa makini. Grisi iliyogeuka nyeupe kama uji ni ushahidi kwamba maji yaliingia. Pitisha ncha ya kalamu ya wino kwenye njia ya gololi juu ya koni. Ikiteleza bila kukwama, koni ni nzima. Ikirukaruka, kuna mashimo, badilisha koni. Fanya hivyohivyo kwenye bakuli lililo ndani ya habu; likiwa na mashimo, hapo ndipo habu mpya ina haki yake.

Gololi badilisha zote. Shemeji yangu hapendi kusikia hili, yeye huokoteza zile zinazong'aa. “Kaka, hizi nane bado nzima, niongezee mbili tu.” Shida ni kwamba za zamani zimelika, hivyo zile mbili mpya ndizo kubwa, na mzigo wote unazikalia hizo. Bei ya gololi ni ndogo mno kubishania.

Hatua ya nne: jaza grisi kwenye bakuli, zipachike gololi moja moja kwa ncha ya bisibisi. Grisi itazishika zisidondoke hata ukiligeuza gurudumu. Ukimaliza utaona pengo dogo limebaki. Usilijaze kwa gololi ya ziada, zinahitaji nafasi ya kuzunguka. Oili chafu ya injini usitumie, inatiririka na kubeba mchanga.

Hatua ya tano ndiyo inayotugombanisha uani, na ndiyo inayoua koni nyingi. Rudisha ekseli, kaza koni kwa vidole mpaka igote, kisha irudishe nyuma kidogo sana. Ishikilie palepale kwa spana nyembamba huku ukikaza nati ya kufungia, ile inayokaa nje ya koni, kwa spana nyingine. Nati hiyo, ikikazwa, husukuma koni ndani; ndiyo maana unaacha mchezo mdogo kabla ya kuikaza. Wengi hukaza koni hadi mwisho wakidhani wanaongeza usalama, kumbe wanazibana gololi zitafune chuma. Baiskeli nyingine hazina nati ya kufungia, koni inabanwa na uma pamoja na nati kubwa ya nje. Hizo zirekebishe gurudumu likiwa tayari kwenye uma.

Kupima ni rahisi. Gurudumu likiwa mahali pake, peleka valvu pembeni, uiachie. Inatakiwa ishuke yenyewe hadi chini, ipitilize, irudi, iyumbeyumbe kabla ya kutulia. Ikigoma kushuka, umebana. Tikisa rimu tena. Ikicheza, bado imelegea. Utairudia hatua hii mara kadhaa, ndiyo maana chai huletwa hapa.

Hatua ya sita: kaza nati za nje kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, rimu ikae katikati ya uma. Rudisha breki, ibane kwa nguvu, sukuma baiskeli mbele. Ijaribu kwanza kwenye tambarare, kabla ya kuteremka nayo Bugando ukiwa na mtu kwenye keria. Baada ya safari chache pima mchezo wa rimu tena, kwa sababu grisi na koni mpya hujipanga.

La nyuma linafuata njia ileile, ila gololi za upande wa gia zimejificha ndani, na utazipanga kwa bisibisi iliyopakwa grisi nchani. Ukiwa peke yako, mwite jirani akushikie ekseli.