Kutenga mahali pa kuswalia nyumbani: kibla kwanza, zulia baadaye

Wengi huanza na zulia. Wanalitandika sambamba na ukuta, halafu ndipo wanaulizana kibla kiko wapi. Nyumba nyingi za mjini zimefuata kiwanja, hazikufuata kibla, kwa hiyo usiuamini ukuta.

Hatua ya kwanza, tafuta kibla. Dar es Salaam, Unguja na Mombasa ni kaskazini, digrii 1 hivi au pungufu kuelekea mashariki. Ukiingia bara kinapinda zaidi: Nairobi digrii 7 hivi, Mwanza 15, Kigoma 20. Dira ya simu hupotoshwa na chuma, na nyumba zetu zimejaa chuma: nondo za madirisha, jokofu, hata nguzo za zege. Pimia uani, mbali na ukuta.

Njia isiyo na ubishi ni jua. Tarehe 27 au 28 Mei saa 6:18 mchana, na 15 au 16 Julai saa 6:27, jua huwa wima juu ya Kaaba (saa za Makka ni sawa na za Afrika Mashariki). Simamisha fimbo barazani, inyooshe kwa timazi. Kutoka ncha ya kivuli kurudi kwenye shina la fimbo, huko ndiko kibla. Piga mstari kwa chaki, pima pembe yake na ukuta, kisha uihamishie chumbani.

Pili, nafasi. Mtu mmoja anahitaji sentimita 70 kwa 120. Mrefu mwongezee 10, la sivyo akisujudu paji litagonga kabati. Kwa safu mbili tenga mita 2.5. Epuka njia ya kwenda chooni, maana watoto watakukatiza mbele kila rakaa. Pakikosekana pengine, weka stuli mbele yako iwe sutra, yaani kizuizi kati yako na wanaopita. Picha na televisheni zisiwe upande wa kibla.

Sakafuni mkeka wa ukindu unatosha, tena ni bora kuliko zulia la kugandisha, ambalo likipata najisi huwezi kulitoa nje kulisuuza. Adui wa mkeka ni miguu iliyotoka kutawadha: weka kitambaa cha kujifutia mlangoni, na masika uanike kila jua likitoka, vinginevyo utaota ukungu upande wa chini usioonekana.

Msahafu ukae kwenye marufaa (kibao cha kuwekea msahafu) au rafu ya juu. Ukifukiza udi, chetezo kiwe juu ya sinia, dirisha wazi. Cheche moja ya mkaa hutoboa ukindu.