Kutengeneza Lenzi ya Kamera kwa Vioo vya Darubini Mbovu

Darubini iliyovunjika mara nyingi hubaki na vioo vizima, na kwa mafundi wa redio wa Ngamiani, hapa Tanga, ni vema kuiulizia kabla haijatupwa. Kioo chake cha mbele ndicho ninachompendekezea anayeanza, kwa sababu kwa kawaida ni vioo viwili vya aina tofauti vilivyogandishwa pamoja, vinavyorekebishana ili mwanga mwekundu na wa bluu ukutane karibu mahali pamoja. Kikague kwenye mwanga: nyuzi nyembamba zilizotawanyika ni kuvu, adui mkubwa wa lenzi katika unyevunyevu wa pwani, na zikiwa ndani ya gundi hazisafishiki.

Ili kupata urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka kioo hadi mahali kinapokusanya mwanga wa kitu cha mbali, shika kioo mbele ya ukuta mweupe unaotazamana na dirisha, ukisogeze hadi minazi ya mbali ionekane ukutani kichwa chini, kisha pima umbali kati ya kioo na ukuta. Tuseme umepata milimita 100. Kamera inayotumia lenzi za Canon EF ina milimita 44 kutoka uso wa kufungia lenzi hadi kwenye kihisi, yaani sehemu ya ndani inayopokea picha, kwa hiyo kioo kikae milimita 56 mbele ya uso huo. Kitu kilicho umbali wa mita 1 kitadai kioo kisogezwe mbele milimita 11 zaidi. Ndiyo maana tunatumia vipande viwili vya bomba la plastiki vinavyoingiana na kuteleza, cha nyuma kikigundishwa kwenye kifuniko cha kamera kilichotobolewa katikati. Ndani papakwe rangi nyeusi isiyong'aa.

Sehemu inayostahili subira kuliko zote ni tundu linalopitishia mwanga. Wengi huhangaika kutafuta kioo bora, ilhali tundu lililowekwa vizuri hukiokoa hata kioo cha kawaida, kwa kuwa huzuia miale ya pembezoni, ambayo haikutani mahali pamoja na ile ya katikati. Kata duara la milimita 12.5 kwenye karatasi ngumu nyeusi, nawe utakuwa na tundu la kipimo cha f/8, yaani urefu wa fokasi, 100, kugawanya kwa upana wa tundu, 12.5. Usilibandike juu ya kioo. Liweke mbele yake, ulisogeze kidogo kidogo huku ukipiga picha ya ukuta uleule wa matofali, na utaona pembe za picha zikitulia au zikivurugika. Ukitumia kioo kimoja chenye bonde upande mmoja na mbinuko upande wa pili, bonde lielekee kwenye tundu, kama William Hyde Wollaston alivyopendekeza mwaka 1812.

Piga kwa mpangilio wa M, ambao wewe mwenyewe unapanga mwanga. Kwa jua kali la mchana, f/8 na ISO 100 (ISO ni wepesi wa kihisi kupokea mwanga), anza na sekunde 1/400, wala usiielekeze lenzi kwenye jua lenyewe, kwani litaunguza kihisi. Nenda Raskazone ukajaribu kwa kisiwa cha Toten. Kama bado hakionekani vizuri hata baada ya kuliingiza bomba lote, kioo kiko mbali mno na kihisi, hivyo punguza bomba la nyuma kwa msasa, milimita moja kila mara.