Kurekebisha Vifurushi Vilivyovunjika Baada ya Kupandisha Toleo la Debian

Umeme ukikatika Mtwara, au bando likiisha Lindi, wakati kompyuta inapanda kutoka Debian 12 kwenda Debian 13 (matoleo ya mfumo endeshi wa Linux), baadhi ya vifurushi, yaani programu zilizofungashwa tayari kusakinishwa, hubaki vimefunguliwa bila kusanidiwa. Usikimbilie kusakinisha mfumo upya, kwa maana dpkg, programu inayosakinisha vifurushi hivyo, huweka kumbukumbu ya hatua ambayo kila kifurushi kimefikia, na kazi inaweza kuendelezwa kutoka hapo.

Anza na amri ya df -h, inayoonyesha nafasi iliyobaki, kwani diski iliyojaa, hasa sehemu ya /boot yenye faili za kuwashia mfumo, hukwamisha kila jaribio. Kisha endesha sudo dpkg --configure -a, ikifuatiwa na sudo apt --fix-broken install. Kabla ya kukubali, soma kwa makini orodha ya vifurushi vitakavyoondolewa. Hapa ndipo haraka huleta hasara kubwa.

Ukiambiwa kwamba kuna kufuli (lock), yaani faili linalozuia programu mbili kushughulikia vifurushi kwa wakati mmoja, usilifute: kwa kawaida programu nyingine bado inatumia vifurushi, nayo yafaa isubiriwe imalize.

Makosa yakiendelea, kagua /etc/apt/sources.list pamoja na faili zilizomo katika /etc/apt/sources.list.d, zinazoorodhesha vyanzo ambako vifurushi hupakuliwa, uhakikishe kwamba hakuna mstari wa bookworm (jina la Debian 12) uliosalia kati ya ile ya trixie (Debian 13), na uzime kwa muda vyanzo visivyo vya Debian yenyewe. Halafu endesha sudo apt update na sudo apt full-upgrade. Amri ya sudo apt clean huongeza nafasi, lakini kwa mwenye bando dogo ningeshauri iachwe hadi mwisho, kwa kuwa hufuta vifurushi vyote vilivyokwisha kupakuliwa.