Ufahamu wa Kiingereza kwa mwanafunzi wa sekondari wa China: hatua nilizopitia na binti mmoja wa Wuhan

Nawaandikia ndugu zangu mnaosoma au kuishi China, ambao siku moja mwalimu au jirani atawaomba mkae na mwanawe, "umsaidie Kiingereza kidogo." Mimi niliombwa na mwalimu aliyenifundisha Kichina kwa uvumilivu mkubwa, nikaona hiyo ndiyo njia ya kulipa fadhila. Binti yake alikuwa gao er, yaani mwaka wa pili kati ya mitatu ya sekondari ya juu. Tulikaa mwaka mzima, jioni mbili kwa wiki, hata wakati wa baridi ambapo nyumba nyingi za Wuhan hazina joto la bomba kama za kaskazini na mtoto anaandika huku amevaa koti.

Hicho "Kiingereza kidogo" kina alama 150 kwenye gaokao, mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu, sawa na Kichina na sawa na hisabati. Kwenye karatasi wanayofanya Hubei, jimbo lenye Wuhan, usomaji peke yake ni alama 50: vifungu vinne vyenye maswali 15 ya alama 2.5 kila moja, kisha kifungu chenye mapengo matano na sentensi saba za kuchagua. Mwaka 2024 walijiandikisha watahiniwa milioni 13.42 nchi nzima. Mtoto anajua hesabu hiyo kuliko wewe, kwa hiyo usimtishe nayo.

Hatua ya 1: Msomeshe kifungu kimoja bila saa

Mpe kifungu kimoja, penseli, na muda wote anaoutaka. Usimsaidie. Angalia mkono wake unafanya nini. Akiandika Kichina juu ya kila neno, umeshajua kazi ilipo.

Hatua ya 2: Maneno, lakini si kwa orodha

Mtaala wao una orodha ya maneno yapatayo 3000, na wanafunzi huyakariri kwa vitabu vilivyopangwa kialfabeti. Kila mtoto wa China analijua "abandon", kwa sababu ndilo neno la ukurasa wa kwanza na kila akikata tamaa huanza upya palepale. Siipendi njia hii hata kidogo. Inampa mtoto maana moja ya kila neno, na mtihani unapenda ile ya pili. Anajua "address" ni anwani, kisha anakutana na "address the problem". Anajua "fine" ni nzuri, kisha mtu analipa "a fine". Wenyewe wana jina la jambo hili, shuci shengyi, neno unalolijua lenye maana usiyoijua, na walimu wao huliogopa kuliko maneno mapya.

Fanyeni hivi: kila neno liingie daftarini pamoja na sentensi nzima lilimotoka. Manane kwa siku yanatosha. Programu za simu zinazoonyesha picha na kumpa mtoto nyota mwacheni azitumie kwenye basi, msizihesabu kama somo. Programu ya kutafsiri sentensi nzima ifungwe kabisa wakati wa kusoma. Hapo sina mjadala.

Chagueni pia kitabu chepesi cha hadithi. Watafiti wa lugha Hu na Nation katika utafiti wao wa mwaka 2000 waliona kwamba ili msomaji aielewe hadithi bila msaada, anahitaji kuyajua takriban maneno 98 katika kila 100. Fungua ukurasa wowote, hesabu. Maneno magumu yakizidi mawili au matatu katika kila mia, kirudishe rafuni.

Hatua ya 3: Sentensi ndefu

Hapa ndipo nilipopoteza wiki tatu, na nataka wewe usizipoteze.

Binti huyu alikuwa akikosa maswali ambayo jibu lake lilikuwa wazi kifunguni. Nikadhani ni maneno. Tukaongeza maneno. Akaendelea kukosa. Mwishowe nikamwandikia sentensi yangu mwenyewe, yenye maneno aliyoyajua yote tangu sekondari ya chini:

"The old bridge that the engineers who came from Shanghai repaired in March was closed again in October."

Akaandika herufi zake ndogo safi juu ya kila neno, hakuacha hata moja. Akasoma, akarudi mwanzo, akasoma tena. Kisha akauliza: "Laoshi (mwalimu), ni nani aliyefungwa?"

Mimi nilishangaa, kwa sababu kwangu sentensi ile ilikuwa rahisi. Nilipoiweka kwa Kiswahili nikaelewa kwa nini: "Daraja la zamani ambalo wahandisi waliotoka Shanghai walilitengeneza Machi lilifungwa tena Oktoba." Sisi nasi hutaja kitu kwanza, kisha maelezo yake hufuata nyuma. Tena tuna bahati zaidi ya Waingereza: ile "li" ya "lilifungwa" inamtaja mwenyewe, yaani mwenye kitenzi. Mhandisi hawezi kuwa "li". Mswahili hapotei hapo.

Kichina kinakwenda kinyume. Maelezo yote hutangulia, yanafungwa kwa kiungo "de", na kitu chenyewe kinakuja mwisho. Ukiifuata sentensi ile kwa mpangilio wao ni kama kusema: Shanghai-toka-de wahandisi Machi tengeneza-de lile daraja la zamani, Oktoba tena fungwa. Masikio ya mtoto yamezoea kungoja jina mwishoni mwa maelezo. Kwa Kiingereza limeshapita mwanzoni, naye bado analingoja. Juu ya hayo, kitenzi cha Kichina hakibadiliki umbo kwa nafsi wala kwa wakati, basi hana desturi ya kutazama sura ya kitenzi ili ajue ni cha nani.

Dawa tuliyoitumia ni penseli na hesabu:

1. Zungushia duara kila kitenzi chenye wakati. Hapa ni "came", "repaired", "was closed". Vitatu.

2. Pigia mstari kila kiungo kinachofungua kishazi: "that", "who". Viwili.

3. Viungo hupungua vitenzi kwa kimoja. Kitenzi kinachobaki bila kiungo ndicho kikuu. "Who" ni ya "came". "That" ni ya "repaired". Imebaki "was closed", na mwenyewe ni jina la kwanza kabisa, "bridge".

4. Soma sentensi fupi peke yake: "The old bridge was closed." Ikiwa ina maana, rudisha maelezo moja moja.

Hesabu hii huvunjika mahali pengi, na mtoto asipoonywa ataiona haina faida. Haya ndiyo niliyokutana nayo.

Kiungo kinaweza kufichwa. "The bridge the engineers repaired was closed." Vitenzi viwili, viungo sifuri. Mfundishe dalili: majina mawili yakisimama bega kwa bega bila koma, "the bridge the engineers", katikati yao kuna "that" iliyoanguka. Airudishe kwa penseli kabla ya kuhesabu.

"And" na "but" nazo zihesabiwe. "She opened the letter and cried" ina vitenzi viwili na "and" moja, hesabu inakaa sawa. Lakini "and" inayounganisha majina, kama "rice and fish", isihesabiwe.

"That" si kiungo kila mara. "That day" ni "siku ile" tu.

Baya kuliko yote ni vitenzi vya uongo vyenye "-ed". Soma hii: "The books donated by the villagers filled two rooms." Binti aliniambia vitabu vilichanga kitu. Aliona "books donated" akafunga hukumu hapo, na "filled" ikabaki bila mwenyewe. Maelezo ya sarufi hayakusaidia. Alikuwa anaikariri kanuni na kuikosea palepale. Kilichosaidia ni kubadilisha kitenzi. Toa "donated", weka kitenzi ambacho maumbo yake hayafanani, kama "write". Je, utasema "the books wrote by the villagers" au "the books written by the villagers"? Masikio yake yalichagua "written" bila kusita. Basi si kitenzi kikuu, ni maelezo ya "books", asikizungushie duara. Jaribio hili tulilifanya kwa kila "-ed" yenye mashaka kwa miezi miwili, mpaka likawa la jicho.

Na kuna koma. Katika Kichina koma inaweza kuunganisha sentensi kamili mbili au tatu mfululizo bila kosa lolote. Katika Kiingereza haiwezi peke yake. Kwa hiyo akiona koma asidhani mambo mapya yameanza. Mara nyingi kilicho kati ya koma mbili ni maelezo ya jina lililotangulia, na anaweza kukiziba kwa kidole aone kama sentensi inasimama.

Baada ya penseli kuja kadi. Chukua kipande cha karatasi ngumu, funika kila fungu la maneno likishasomwa, macho yasirudi nyuma. Asome kwa mafungu: "The old bridge / that the engineers / who came from Shanghai / repaired in March / was closed again". Kila fungu aseme kwa Kichina anachongojea bado, si tafsiri. "Bado sijaambiwa daraja lilifanywaje." Siku aliposema hivyo kwa hiari yake, mama yake jikoni alinyamazisha bomba la maji asikilize.

Sentensi tano kila jioni, si zaidi. Zaidi ya hapo mtoto aliyetoka masomo ya usiku ya shuleni anazungusha maduara bila kufikiri.

Hatua ya 4: Aya

Wanafunzi wa China hufundishwa viungo kwa jozi: "suiran" lazima iambatane na "danshi", kama wengi wetu tunavyosema "ingawa… lakini". Kiingereza kinaweka kimoja tu, kwa hiyo akikuta "although" anangoja "but" isiyokuja, na zamu ya hoja inampita. Mwambie: ukiona "although", zamu iko kwenye koma. Ukiona "however", pigia mistari miwili sentensi hiyo. Mara nyingi mwandishi anasema hapo kile alichotoka nyumbani kukisema.

Hatua ya 5: Maswali

Maswali ni ya aina nne: maelezo ya wazi, kukisia kutokana na ushahidi, wazo kuu, na maana ya neno. Mtoto anazijua. Asichokijua ni jinsi chaguo la uongo linavyotengenezwa.

Chaguo la uongo lililotengenezwa vizuri hutumia maneno yaleyale ya kifungu lakini humbadilisha mtendaji. Wachina wana msemo wake: kofia ya Zhang kuivisha kichwa cha Li. Kifungu kinasema wakulima waliwaambia watafiti. Chaguo linasema watafiti waliwaambia wakulima. Mtoto anayetafuta maneno yanayofanana atalichukua kwa furaha. Mengine huzidisha kipimo: "some" ya kifungu inakuwa "all", "may" inakuwa "will". Mengine ni kweli duniani ila hayamo kifunguni, na hayo huwashika zaidi watoto wenye akili, wanaosoma mengi.

Sheria yetu ilikuwa moja: hakuna jibu bila kidole. Aweke kidole kwenye mstari unaolithibitisha, hata kwa maswali ya kukisia. Kidole kikizunguka hewani, jibu ni la kubahatisha, na tunaliandika hivyo hata kama ni sahihi.

Hatua ya 6: Sentensi saba, mapengo matano

Angalia "this", "they", "such". Kila mojawapo inamrejelea mtu au kitu kilichotajwa sentensi iliyotangulia. Kisipokuwapo, sentensi hiyo si ya pengo hilo.

Hatua ya 7: Daftari la makosa

Karibu kila mwanafunzi analo, linaitwa cuotiben, na karibu kila moja lina kosa moja: limebandikwa swali na jibu sahihi, basi. Ongeza safu ya tatu: kwa nini niliamini lile jibu lingine? Binti wangu aliandika "kofia" mara kumi na nne kwa muhula mmoja, na "ed" mara tisa. Ndivyo tulivyojua tufanye nini likizo ya mwaka mpya.

Hatua ya 8: Saa

Leteni saa mwishoni kabisa, penseli ikishakuwa nyepesi. Dakika nane kwa kifungu, kisha saba. Miezi miwili kabla ya mtihani, hamishieni mazoezi alasiri ya Jumamosi au Jumapili. Kiingereza hufanywa tarehe 8 Juni, saa tisa hadi saa kumi na moja alasiri, na huo ndio wakati ambao mtoto aliyekula mchana mezani kwa mamaye husinzia. Sisi tulikuwa tunafungua dirisha, anakunywa chai, tunaanza saa tisa kamili.