Jinsi ya kujenga upya dohani ya msokoto ya enzi za Tudor

Wiki iliyopita kijana ninayefanya naye kazi hapa Uingereza alinipigia simu akiwa juu ya jukwaa, akijenga dohani, yaani bomba la moshi la matofali linalopanda likijizungusha kama skrubu: "Fundi, timazi (uzi wenye uzito wa kupimia wima) inasema sawa, lakini msokoto unakataa." Nikajua pale pale alipokosea, kwa kuwa nami niliwahi kubomoa kazi ya siku tatu kwa kosa hilo hilo.

Dohani za namna hii, za enzi za Tudor (ukoo wa kifalme uliotawala Uingereza 1485 hadi 1603), utaziona kwenye kasri la Hampton Court karibu na London, ambako kuna dohani 241 kwa jumla, nyingi zikiwa zimejengwa upya karne ya 19. Kabla ya enzi za Tudor, katika nyumba nyingi moto uliwashwa katikati ya ukumbi na moshi ukatafuta njia paani. Aliyeweza kujenga meko ya ukutani alitaka wapita njia wajue, ndiyo maana pambo lote likapelekwa juu.

1. Kibali. Jengo likiwa kwenye orodha ya urithi, usiguse tofali kabla halmashauri haijaidhinisha.

2. Kumbukumbu. Piga picha pande zote, hesabu kozi (safu za matofali), na uandike msokoto unapandia mkono upi.

3. Matofali. Ya kisasa yana unene wa milimita 65. Ya Tudor ni membamba, mengi hukaribia 50. Agiza yaliyofinyangwa kwa mkono kwenye kalibu yenye umbo kamili. Sipendi kuyachonga: ngozi iliyoiva motoni ndiyo ngao ya tofali, ukiikata mvua inapata mlango.

4. Msokoto. Hapa usiwe na haraka. Tuseme dohani ina urefu wa mita 3. Tofali la milimita 50 na kiungo cha mota cha 10 ni 60, kwa hiyo una kozi 50. Ikiwa inazunguka nusu duara, yaani digrii 180, kila kozi isogee digrii 3.6. Kwa dohani yenye kipenyo cha sentimita 90, hizo ni milimita 28 ukingoni.

Kosa letu lilikuwa kupima kila kozi kutoka ile iliyo chini yake. Ukikosea nusu digrii, ukingoni ni milimita 4 tu, jicho halioni. Lakini ukirudia kosa hilo kozi 50, umepotea digrii 25, karibu sentimita 20. Timazi haitakusaidia, kwa sababu katikati pamenyooka. Kilichopotea ni mzunguko.

Simamisha bomba la chuma katikati ya njia ya moshi, juu ya ubao uliofungwa imara, kisha ulikaze juu kwenye jukwaa lisizunguke hata kidogo. Lichore mstari mmoja wima. Kata kiolezo cha plaiwudi chenye umbo la dohani, kitoboe katikati kipite kwenye bomba, na kuzunguka tundu weka alama za kila digrii 3.6, ukizipa namba. Ukipanga kozi ya 17, alama ya 17 ikae kwenye mstari wa bomba. Pua ya kila tofali, ile ncha inayotokeza nje, ifuate ukingo wa kiolezo. Usiamini kozi ya 16, hata kama uliijenga mwenyewe. Ukiondoka jioni, hakikisha bomba halijaguswa. Asubuhi pima tena kabla ya kuchanganya chochote.

Tandika gunia chini lidake mota inayodondoka.

5. Chokaa. Saruji hapana. Nimekulia Lamu, nimeona kuta za mawe ya matumbawe zikimenyeka baada ya kupigwa saruji: maji yananaswa ndani, na hapa Uingereza barafu humalizia kazi. Natumia chokaa ya NHL 3.5 (chokaa asilia inayoganda kwa maji), kipimo kimoja kwa vipimo viwili na nusu vya mchanga mkali, wa chembe zenye kona. Lowesha matofali kwanza. Funika kazi kwa magunia yenye unyevu, na baridi ikishuka chini ya digrii 5, acha.

6. Kumaliza. Ukishapanga kozi za kofia, zile za juu kabisa, chomoa bomba, vuta ubao na gunia. Shusha taa kwa kamba polepole. Popote utakapoona mota imetokeza ndani, ikwangue.