Somo: Kuendesha gari peke yako kutoka Mtwara hadi Kilwa wakati wa mvua

Somo hili linamhusu dereva anayekwenda peke yake kutoka Mtwara hadi Kilwa Masoko, safari ya takriban kilomita 300 kupitia Mikindani, Mingoyo, Lindi, Mchinga na Nangurukuru. Kwa wageni, ifahamike kwamba huku kusini hatuna vuli na masika kama Dar es Salaam au Tanga. Tunao msimu mmoja, unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au mwanzoni mwa Mei, na kadiri unavyoelekea mwisho ndivyo ardhi inavyokuwa imeshiba, kiasi kwamba mvua ya saa mbili tu hutosha kujaza mabonde.

Hatua ya kwanza: gari. Tairi zenye mifereji ya kina cha chini ya milimita 3 hazitoi maji vizuri, kwa hiyo zibadilishe hata kama hazijawa kipara. Jaza upepo tairi ya akiba, ambayo wengi huikumbuka siku ya pancha. Chukua jeki pamoja na kipande cha ubao mnene chenye upana wa sahani, kwa sababu pembeni mwa lami udongo ukilowa jeki huzama badala ya kuinua gari, na wewe huna mwenzako wa kukushikia kitu.

Hatua ya pili: muda na habari. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, kwa kuwa giza huingia karibu saa moja jioni na shimo lililojaa maji halionekani usiku. Kabla ya kuondoka, mwachie mtu mmoja ratiba yako, na umpigie simu ukifika Mingoyo, Lindi na Nangurukuru. Habari za barabara waulize madereva wa mabasi na malori wanaotoka unakokwenda, maana wao wameiona asubuhi hiyo hiyo.

Hatua ya tatu: mwendo. Ukihisi usukani umekuwa mwepesi ghafla, tairi zimepanda juu ya maji. Ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani ukiwa umenyooka, wala usikanyage breki. Kioo kikipata ukungu kwa ndani, washa kiyoyozi, kwani hukausha hewa. Kufuta kwa kitambaa husaidia dakika mbili tu.

Hatua ya nne: maji yanayovuka barabara, na hapa ndipo safari nyingi huharibikia. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 hivi yanaweza kulielesha gari dogo, na yenye sentimita 60 huchukua hata magari makubwa zaidi. Isitoshe, maji hula udongo kando ya kalvati (bomba au daraja dogo la kupitishia maji chini ya barabara) kutoka chini, huku lami ya juu ikionekana nzima. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam upande wa Somanga, na abiria wakakwama pande zote mbili.

Mimi mwenyewe nililipia somo hili. Katika bonde moja mbele ya Mchinga nilifuata lori lililopita bila shida, nikasahau kwamba lori lile lilikuwa limeinuka juu kuliko gari langu. Wimbi lake lilirudi na kuingia kwenye njia ya hewa, injini ikazima, nami nikawasha tena mara tatu. Maji hayashindiliki kama hewa, kwa hiyo konrodi, yaani chuma kinachoshika pistoni ndani ya injini, ilipinda. Laiti ningeacha kuwasha baada ya kuzima mara ya kwanza, huenda fundi angekausha tu na kubadilisha oili.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Newala: Mwalimu, mvua ikiwa kubwa niwashe hazadi, zile taa za tahadhari zinazomweka pande zote, huku nikitembea?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Washa taa za mbele za chini. Hazadi ni za gari lililosimama, na katika magari mengi huficha ishara yako ya kukata kona.

Mwanachama wa Lindi: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanamke na husafiri peke yangu. Maji yakinizuia, nilale ndani ya gari?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Usilale bondeni kamwe. Geuza gari mapema, urudi kwenye kijiji ulichokipita, uegeshe karibu na kituo cha mafuta au kibanda cha mama lishe, kisha umjulishe yule uliyemwachia ratiba. Kukiwa na hatari, piga 112.

Mwanachama wa Mtwara: Nitajuaje kama maji yanapungua au yanaongezeka?

Jibu: Choma kijiti pale ukingo wa maji unapoishia, ukae mahali pa juu, urudi kukitazama baada ya nusu saa. Kijiti kikiwa kimezungukwa na maji, rudi ulikotoka. Kikiwa pakavu, endelea kusubiri mpaka uione lami yote, ngʼambo hadi ngʼambo.