Jinsi ya Kuruka Juu kwa Mtindo wa George Horine
George Horine, mwanariadha wa Marekani aliyekuwa wa kwanza kuruka mita 2.00, mwaka 1912, aliukabili ufito kutoka pembeni, na hapo ndipo pa kuanzia. Kimbia kwa mshazari, kisha jirushe kwa mguu ulio karibu na ufito, huku ule wa mbali ukiupeleka juu kwa nguvu. Sehemu ngumu, ambayo nakusihi uirudie mara nyingi, ni hewani: ukunje ule mguu wa kurukia chini ya mwili, ulale ubavu sambamba na ufito, ndipo ujiviringishe. Utatua kwa mguu uleule pamoja na mikono yote miwili, kwa hiyo mchanga utifuliwe vizuri kwanza. Kwenye Michezo ya Olimpiki huko Stockholm, mwaka huohuo wa 1912, Horine alipata medali ya shaba.